Mfuko wa Buluu Msumarini

Ukishuka kutoka maktaba, ukaufuata ukuta wa ghala la mbao mpaka unapokatika, utakuta kibanda cha fundi viatu, na mbele yake benchi refu ambalo mguu wake mmoja umetegemezwa kwa kipande cha tofali. Benchi lile halikuwekwa kwa ajili ya maongezi. Liliwekwa ili wateja wakae kidogo wakisubiri viatu vyao. Lakini miaka imepita, na siku hizi ukimuuliza mtu wa mtaa ule atakwambia hapo ni kijiweni: pana kahawa, pana habari, na ukiwa na swali lisilo na jibu wapelekee watu wa pale, watakupa majibu manne. Fundi mwenyewe wanamwita Gundi. Huketi kwenye kigoda akitazamana na benchi, misumari midogo mdomoni, chaki sikioni. Chaki ni ya kuandikia soli: mteja akileta kiatu, Gundi hukigeuza, huandika chini yake siku ya kuja kukichukua, kisha hukiweka rafuni. Na kama Jumatatu ile ungewatazama miguuni watu wa benchini, ungeona wote wamevaa kandambili. Lakini nani hutazama miguu ya watu wanaobishana?

Jumatatu ile Gundi hakuwa na kiatu mkononi. Alikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa inamtesa.

– Leo fundi kashika kalamu, akasema Giabox. – Haya, dunia ndiyo inaishia.

Giabox alikuwa dereva wa lori miaka thelathini. Alistaafu, lakini mkono wake haukustaafu. Kila akizungumza hubadilisha gia hewani.

– Hujasikia? akasema Bi Birika, akimimina kahawa kwenye vikombe vyake vidogo. – Shemeji yangu sasa ni mwandishi. Jumamosi nzima kafunga kibanda, kaenda warsha. Kule maktaba. Wanafundishwa kutunga hadithi.

– Siku ngapi?

– Siku moja.

– Moja! Mkono wa Giabox ukashuka gia mbili kwa mpigo. – Mimi lori nimefundishwa miezi minane, na bado siku ya kwanza nikaingiza tela kwenye duka la magodoro. Nashukuru Mungu yalikuwa magodoro. Sasa mtu anafundishwaje kuandika kwa siku moja?

– Kuandika si anajua tangu shule?

– Naongelea hadithi, mama. Hadithi ni tela. Kichwa kinapita vizuri, unajisifu, kumbe mkia uko nyuma unabomoa ukuta wa watu.

Gundi aliitikia kwa kichwa taratibu. Kwa mara ya kwanza Giabox alikuwa amesema kitu cha kweli, maana mkia ndio uliokuwa unamtesa.

– Hebu tueleze, akasema wa tatu wao. – Mmefanya nini humo ndani? Anza mwanzo, usiruke.

Huyu walimwita Kamera. Ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye lile ghala la mbao, na asubuhi hukaa benchini badala ya kwenda kulala. Jina alijipa mwenyewe, kwa sababu, asema, hakuna kinachompita asikione. Mbao za ghala huendelea kupungua vilevile.

Gundi akatema misumari kiganjani, akaeleza. Walikuwa watu kumi na wanne. Aliyewafundisha ni dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya mtu aliyekwisha kulaza watoto wengi. Kila mmoja alikuwa ameambiwa aje na kitu kimoja kutoka kazini kwake, ndani ya mfuko. Mpishi wa shule alikuja na mwiko. Mama wa posta alikuja na muhuri. Bwana mmoja alileta rimu nzima ya riwaya aliyoiandika. Akaambiwa hicho si kitu cha kazini, akajibu kwamba hana kazi nyingine. Walipokwisha kukaa, yule dada akasema: “Sasa msifungue mifuko. Andikeni kilichomo kama kilivyo kichwani mwenu.”

– Na wewe ulipeleka nini? akauliza Giabox.

Gundi aliinua macho tu. Juu ya kichwa chake, kwenye boriti, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia mfuko wa buluu wenye vumbi, mdomo umefungwa fundo.

Benchi zima likatazama juu.

– Vile? akanong'ona Bi Birika.

– Vile vile.

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi, maana hadithi ya mfuko ule ilikuwa mali ya benchi. Miaka saba nyuma mtu mmoja mrefu alileta viatu vya ngozi, rangi ya kahawia, akaviacha, na hakuja kuvichukua. Watu walihama mtaani, wengine wakahamia, na kila mgeni alisimuliwa. Gundi mwenyewe aliisimulia vizuri kuliko wote. Ndiyo maana binti yake, muuguzi, alimwandikisha kwenye ile warsha bila kumuuliza.

“Baba,” alimwambia, “wewe hadithi unazo. Nenda kaandike moja. Moja tu, lakini uimalize.”

Kisha akacheka, kwa upole, na kwa kicheko kile akamalizia: “Nyumbani kwetu kiti kina miguu mitatu, mlango wa jikoni hauna kitasa tangu niko darasa la pili. Na viatu vyangu vya shule, Baba, unajua mama alikuwa anavipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili?”

Gundi hakuwa akijua. Tangu siku ile alikuwa anajua, na kujua kule kulikaa kifuani kama kokoto ndani ya kiatu.

Sasa leo, saa kumi jioni, maktaba itafungua ukumbi, ndugu wamealikwa, na wanawarsha watasoma walichoandika. Sharti ni moja tu: kiwe na mwisho. “Ambaye hajamaliza asione haya,” alisema yule dada, “atakaa na sisi kusikiliza.” Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini ili awepo. Hakusema anakuja kumwona Baba akisoma, au anakuja kumwona Baba amekaa anasikiliza. Alisema tu, “Nitakuwepo.”

– Sasa shida iko wapi? akauliza Bi Birika. – Si ukurasa huo umejaa?

– Dada kaweka alama mbili, kwa wino wa kijani. Hapa katikati kaandika “Onyesha.” Na hapa chini kaandika “Mwisho,” na alama ya kuuliza.

– Onyesha nini?

– Alitufundisha hivyo. Usimwambie msomaji, mwonyeshe. Usiseme mtu kakasirika, onyesha kavunja kikombe.

– Vikombe vyangu asiguse mtu.

– Ni mfano, shemeji.

– Mifano ndiyo huanza hivyo hivyo.

– Wahenga walishamaliza, akasema Giabox. – Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Wakamtazama.

– Hiyo inahusika vipi, mzee? akauliza Kamera.

– Inahusika. Mama ndiye mwandishi. Ulimwengu ndio kikombe.

Wakanywa kahawa kwanza, ili ipite.

– Mimi hiyo warsha yenyewe inanitia wasiwasi, akasema Kamera, akisogea mbele. – Fundi, chai ilikuwepo?

– Ilikuwepo.

– Na vitafunio?

– Na vitafunio.

– Bure?

– Bure.

Kamera akafumba macho kwa huzuni ya mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo.

– Mmekwisha. Mtu mzima hapewi chai ya bure ili aandike. Anapewa ili aseme. Watu kumi na wanne, kila mmoja kabeba kitu cha kazini ndani ya mfuko, kakaa kaandika kwa mkono wake mwenyewe kimefikaje kwake. Hiyo si warsha, fundi. Hayo ni maungamo.

– Na yule mama wa posta kaondoka na muhuri wa ofisi! akasema Giabox.

– Wa kwanza kukamatwa, akasema Kamera.

– Acheni kumtisha shemeji yangu, akasema Bi Birika. – Siku ya kwanza hawakamati. Wanasubiri mjue kuandika vizuri.

Gundi akacheka nao, lakini macho yalirudi kwenye karatasi. Pale katikati, kwenye neno la kijani, palikuwa na sentensi yake: “Nikavishona vizuri, vikawa kama vipya.” Jumamosi aliipenda sana sentensi ile. Aliiandika bila kuinua kalamu. Leo alitaka kufanya kama alivyofundishwa, aonyeshe: sindano inavyoingia, uzi unavyovutwa, ngozi inavyokubali. Akajaribu kuuona uzi. Hakuuona. Alijaribu mweusi, ukakataa. Alijaribu wa kahawia, nao ukakataa.

Mama mmoja alikuwa anapita na kikapu.

– Fundi, vya mume wangu tayari?

– Kesho asubuhi, mama, akajibu Gundi bila kuinua kichwa.

– Ulisema hivyo jana.

– Kesho asubuhi mapema.

Mama akaenda zake. Gundi akageukia benchi.

– Jamani, nyie mlikuwepo. Vile viatu nilivishona kwa uzi gani?

– Mweusi, akasema Giabox.

– Kahawia, akasema Kamera. – Nimeona kwa macho yangu.

– Uzi si kitu, akasema Bi Birika. – Msomaji gani atauliza uzi? Tafuta mwisho. Saa nne hii.

Na kweli, Gundi naye alifurahi kuuacha uzi. Akawaambia jambo jingine alilofundisha yule dada: kila mtu kwenye hadithi anataka kitu. Jiulize anataka nini, na mwisho utajileta wenyewe.

– Rahisi, akasema Giabox. – Mwenye viatu anataka nini?

– Viatu vyake.

– Basi mbona haji?

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Giabox alikuwa wa kwanza kuingia barabarani. Kwa maelezo yake, yule mtu hakukusudia kamwe kuvichukua.

– Sikilizeni. Mwanamume akitaka kutoka nyumbani anahitaji sababu. Sababu nyingi zinaisha. Msiba unaisha. Mkutano unaisha. Lakini viatu kwa fundi? Miaka saba yule bwana anamwambia mkewe, “Nafuata viatu vyangu,” anatoka, anapunga upepo, anarudi jioni, “Bado.” Na mke anaamini! Kwa nini asiamini? Ni fundi viatu.

– Ni fundi viatu, akakubali Bi Birika, na akamtazama Gundi kidogo, kisha akatazama pembeni.

– Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Hapo kainama wapi?

– Kaingia mvunguni kabisa, mkewe asimwone.

Gundi akaandika: “Mwenye viatu alikuwa anapunga upepo.” Akaisoma. Akaifuta.

– Mnapapasa tu, akasema Kamera. – Kisigino kimoja ni kizito kuliko kingine.

– Umejuaje?

– Nimevipima kwa nje ya mfuko. Fundi alipokwenda kula.

– Lini?

– Mara kadhaa. Mle ndani kuna kitu, jamani. Sijui almasi, sijui ramani, lakini kipo. Yule mtu anatafutwa. Kaacha mzigo mahali ambapo hakuna mtu atakayeuliza, anangoja wanaomtafuta wachoke. Sasa unganisha na warsha. Fundi anaambiwa alete mfuko. Mfuko unakaa mezani saa tatu hadi saa kumi na moja. Na dada anasema usiufungue. Kwa nini usiufungue?

Benchi zima likamsogelea. Hata Gundi, ambaye alikuwepo na alikula mkate wa siagi vipande viwili, alihisi baridi mgongoni.

– Kwa nini, Kamera?

– Kwa sababu yeye anajua kilichomo.

Bi Birika akaguna.

– Nyie wanaume mnapenda makubwa. Yule mtu anapita hapa kila siku. Ni tajiri, anampima shemeji uaminifu. Mwaka wa kumi ukitimia atasimama hapo alipokaa Giabox, atasema, “Hukuviuza, hukuvivaa, hukumgawia mtu. Chukua funguo za nyumba hii.” Mimi kila nikimimina kahawa namwona mtu mrefu ng'ambo ya barabara.

– Ile ni nguzo ya umeme.

– Leo ni nguzo.

Saa sita ikapita hivyo. Saa saba ikafuata. Vikombe vilijaa na kuisha. Gundi aliandika kila mwisho waliompa na kufuta kila mwisho alioandika, mpaka karatasi ikawa imechakaa mahali pamoja kama goti la suruali ya mtoto. Alianza kuuona ukumbi: viti vimepangwa, yule bwana wa rimu anasoma na hamalizi, na binti yake mstari wa pili, bado ana sare ya kazini, amekaa karibu na baba ambaye anasikiliza.

– Nimepata, akasema Giabox ghafla, mkono ukapanda gia ya juu kabisa. – Huyo mtu hayupo.

– Hayupo wapi?

– Hayupo popote! Hajawahi kuwepo! Nani alimwona? Viatu vilichoka kukanyagwa, vikatoroka vyenyewe, vikaja kuomba hifadhi kwa fundi. Ukavipokea. Ndiyo maana hakuna aliyevifuata. Wahenga wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa mshangao wa wote, methali ile ilikaribia kukaa. Wakaona ni dalili njema. Kamera akataka ipigwe kura, Bi Birika akasema kura kwa vikombe, anayekubali ageuze kikombe chake chini. Vikombe viwili vilikuwa vimeshageuzwa, na kalamu ya Gundi imeshaandika “Usiku ule, viatu,” ndipo sauti ikasema:

– Samahanini. Hodi.

Alikuwa mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, amehamia mtaani wiki ile. Amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukanyagisha juu yake, na mkononi ana ndala ya ngozi iliyokatika mkanda. Kwa jinsi alivyoegemea nguzo ya kibanda, alikuwa hapo muda mrefu, na adabu ndiyo iliyomzuia kukatiza.

– Karibu, mama, akasema Bi Birika. – Kaa, tunaamua jambo.

– Nimelisikia. Mimi mgeni, mnisamehe nikiuliza. Hivyo viatu vya kwenye mfuko vilikuwa na ubovu gani?

– Soli ya kulia ilifunguka, akasema Gundi. Hilo alilikumbuka vizuri.

– Ulishaishona?

Ni swali dogo. Hata mtoto wa chekechea angeweza kuliuliza, na pengine ndiye angeliuliza mapema. Giabox alifungua mdomo. Mkono wake ulitafuta gia, haukuipata, ukabaki katikati. Kamera akatazama mawingu. Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe ili pawe na jambo la kufanya. Likatoa matone mawili, kisha hewa.

– Vimeshonwa, akasema Giabox hatimaye. – Imeandikwa. Fundi, msomee.

Gundi akasoma kwa sauti ndogo:

– “Nikavishona vizuri, vikawa kama vipya.”

– Imeandikwa, ndiyo, akasema yule mama kwa upole. – Lakini vimeshonwa?

Gundi akasimama. Magoti yake yalilia. Akanyoosha mkono, akautoa mfuko msumarini, na pale ulipokuwa umening'inia, boriti ilikuwa na alama safi, nyeupe, yenye umbo la mfuko. Fundo lilikataa. Akalikata kwa kisu cha ngozi.

Viatu vilitoka kama vilivyoingia. Cha kulia, soli ilikuwa imeachama kuanzia vidoleni hadi katikati, kama mtu aliyekatizwa akizungumza. Gundi alikigeuza.

Chini yake, kwa chaki, kwa mwandiko wake mwenyewe ambao hakuna awezaye kuukana, palikuwa pameandikwa “Alhamisi,” na mstari umepigwa juu yake. Chini ya hilo, “Jumamosi,” mstari. Chini zaidi, “Jumanne,” mstari. Na karibu na kisigino, mahali nafasi ilipoishia, neno la nne, halijapigwa mstari: “Kesho.”

Mfuko uliitunza ile chaki miaka saba, haikudondoka hata chembe.

Hapo Gundi akamwona yule mtu, si kama alivyozoea kumsimulia, bali kama alivyokuwa. Hakuwa mrefu sana. Alikuwa na mwavuli. Alikuja Alhamisi, akaja Jumamosi. Siku ya Jumanne alikuja na viatu vipya miguuni, bado vinalia kila akipiga hatua, akaulizia vile vya zamani kwa adabu, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. “Kesho,” Gundi alimwambia. Na yule mtu akatabasamu, akasema, “Haya, fundi,” akaenda, viatu vikilia hadi mwisho wa ukuta.

– Kumbe alikuwa anakuja, akasema Bi Birika.

Jambo lilikuwa linatokea benchini. Giabox alikuwa ametazama chini, kwenye kandambili zake. Kamera naye akatazama zake. Bi Birika akaivuta miguu yake nyuma ya ndoo ya vikombe.

– Fundi, akasema Giabox polepole. – Vile vyangu vyeusi. Nilivileta lini?

– Mwaka ule wa mvua nyingi, akasema Bi Birika. – Mimi nilikukuta umekaa hapo hapo. Nilikuja na vya kwangu vya harusi ya mdogo wangu.

– Ameshaolewa?

– Ana watoto wawili.

– Mimi nilikuja kusubiri buti zangu za kazi, akasema Kamera. Sauti ilikuwa ya mtu anayeamka. – Nilikaa kidogo tu.

– Lini?

– Kabla hamjaanza kuniita Kamera. Akafikiri kidogo. – Ndiyo maana wezi wananisikia. Hizi zinapiga kelele.

Gundi aliketi kwenye kigoda chake, akakipangusa kiatu cha kulia kwa kitambaa, akachukua uzi wa kahawia, akaupaka nta, akatunga sindano. Kwanza alitoboa. Ngozi ilikuwa imekauka, ikagoma, akaipaka mafuta, akangoja, ikakubali. Alishona tundu kwa tundu, akiuvuta uzi mpaka kidole kikapata mstari mwekundu. Alipofika kwenye “Alhamisi” chaki ilianza kumwagika mapajani mwake. Nusu saa nzima na ushei, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe kile hakuna aliyetoa maoni. Giabox mara moja tu alivuta pumzi ya kutaja wahenga. Bi Birika akamgusa goti, naye akaiachia pumzi taratibu.

Alipomaliza, alikigonga kiatu mara mbili, akakiweka pamoja na mwenzake kwenye rafu ya mbele, mahali mpita njia atakapoviona. Kisha akachukua karatasi. “Usiku ule, viatu” akakata. “Nikavishona vizuri, vikawa kama vipya” akakata. Mahali pake akaandika siku tatu, moja chini ya nyingine, na kila moja akaipiga mstari kama ilivyokuwa kwenye soli. Kisha neno la nne, bila mstari. Uzi sasa aliuona. Akaandika rangi yake, nta yake, na jinsi ngozi ilivyogoma kwanza. Na chini kabisa, kwenye wino wa kijani, akaandika: “Leo saa nane na nusu nimekimaliza.” Akaweka nukta, akaikandamiza sana, ikatokea upande wa pili wa karatasi.

– Ndiyo huo mwisho? akauliza Kamera. – Hamna almasi?

– Hamna.

– Hamna hata mke?

– Hamna, Kamera.

– Atakayesikiliza nani sasa?

– Mimi, akasema Bi Birika. – Kahawa imeisha. Nakwenda maktaba.

– Twendeni sote, akasema Giabox. Kisha akasita. – Na hizi?

– Kwani wengine watatutazama miguuni? akasema Bi Birika. – Sisi wenyewe miaka yote hatukujitazama.

Gundi alikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaubonyeza kwa kiganja. Saa tisa kasoro robo. Maktaba ni mwendo wa dakika kumi. Akasimama, na hapo ndipo alipoona kwamba yule mama mgeni bado yupo, kwa mguu ule ule mmoja, na ndala yake mkononi.

– Na hii, fundi? akauliza. – Niifuate lini?

Mkono wa Gundi ulikwenda wenyewe sikioni, ukaishika chaki. Neno nalo likapanda, likafika kwenye meno, likasimama pale likingoja mlango ufunguliwe kama lilivyozoea kufunguliwa. Benchi zima lilikuwa linamtazama.

Akaitoa chaki sikioni, akampa Bi Birika.

– Nishikie, shemeji.

Kisha akaketi tena kwenye kigoda, akapokea ndala, akatafuta sindano.

– Dakika tano, mama. Naimalizia hapa hapa. Kaa kidogo.

Watu watatu wa benchini wakasogea kwa pamoja kumpisha. Giabox akapangusa nafasi kwa kiganja, Kamera akamwonyesha kwa mikono miwili, karibu. Yule mama akatazama benchi lilivyong'aa kwa kukaliwa. Akatazama nyuso zao zilizojaa ukarimu. Akatazama kandambili, jozi tatu.

– Ahsanteni, akasema. – Nitasimama.